Mwongozo wa Kumeza Dawa ya Mafuta kwa Mtu Asiyeumwa Popote

Kwanza hakikisha huumwi. Dawa hii ni ya mtu kama wewe hasa: unalala vizuri, unakula unashiba, unapanda ghorofa mbili kwa ngazi huku unaongea na simu. Siku moja ulikwenda kupima presha tu, ukatolewa damu, na jioni ukapewa karatasi yenye mistari minne: kolesteroli yote, LDL, HDL na trigliseridi. Miwili kati ya hiyo ina herufi H pembeni, yaani imezidi. Daktari akaandika atorvastatini, kidonge kimoja kwa siku, urudi baada ya miezi miwili. Ukatoka na kifuko cha vidonge mkononi, na mwilini hakuna panapouma hata pa kusingizia.

Hapo ndipo penye kazi. Sisi tumelelewa na malaria. Mtu akianza dawa ya mseto leo, kesho kutwa homa imeshuka, anaomba uji, anauliza nani alishinda mechi ya jana. Dawa imejitambulisha. Kidonge cha mafuta hakijitambulishi kamwe. Utakimeza Januari, utakimeza Desemba, na utajisikia vilevile. Mwaka 1994 watafiti wa nchi za kaskazini mwa Ulaya walitoa matokeo ya utafiti uitwao 4S: wagonjwa wa moyo 4,444, nusu wakipewa simvastatini na nusu kidonge kisicho na dawa ndani, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Kwa wasiopewa dawa walikufa asilimia 12, kwa waliopewa asilimia 8. Tofauti hiyo ni watu wazima waliorudi nyumbani kwao, wakaozesha watoto, wakalalamikia bei ya mafuta ya taa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuamka akasema, leo dawa imeniokoa. Haikuwezekana kuisikia. Kwa hiyo maelekezo ya kwanza ni haya: meza, usisikie chochote, kesho meza tena.

Maelekezo ya pili yanahusu simu. Ile karatasi ya majibu usiipige picha ukaituma kwenye kundi la familia. Kabla chai haijapoa, shangazi atakuwa ameandika kitunguu saumu kwa maji ya moto. Shemeji wa Dodoma ataleta unga wa mlonge na namba ya mtu anayeuuza. Binamu atatuma video ya bwana mwenye koti jeupe, asiyetaja jina la hospitali anayofanyia kazi, akisema kolesteroli ni uongo wa makampuni. Wote wanakupenda, na hakuna hata mmoja aliyeuliza namba yako ni ngapi, presha yako ikoje, una sukari au huna, na kama baba yako alipooza akiwa na miaka 50. Hayo ndiyo daktari aliyoyatazama. Namba peke yake haiandiki dawa. Mtu wa miaka 55 mwenye kisukari kwa kawaida huandikiwa statini, yaani dawa za kundi la atorvastatini na simvastatini, hata kama karatasi yake haina H hata moja, naye akikutana na ushauri wa kundi la familia ndiye wa kwanza kuacha, maana anaona hata mafuta yenyewe hana.

Tena usilinganishe namba yako na ya mtu mwingine kijiweni kabla ya kutazama kipimo. Maabara nyingine huandika milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita. Mzee mmoja anajigamba kwamba yake ni 190 na bado anapiga supu ya kongoro kila Jumamosi. Mwenzake mwenye 6 anapumua, kwa sababu 6 ni ndogo sana mbele ya 190. Kumbe mwenye 6 ndiye aliyezidi: kwa miligramu yake ni kama 232. Kolesteroli ya milimoli huzidishwa kwa 39 hivi kupata miligramu. Trigliseridi huzidishwa kwa 89. Nimesikia ubishi wa namna hii ukidumu vikombe vitatu vya kahawa, kila mmoja akisoma karatasi ya lugha yake.

Halafu kuna hizo trigliseridi, ambazo wengi wanadhani ni kolesteroli kwa jina la kizungu zaidi. Ni mafuta ya aina nyingine. Hayapandi kwa nyama tu. Hupanda kwa bia, kwa soda, kwa chai ya vijiko vinne, kwa mlima wa ugali au wali, na zaidi ya yote kwa kisukari kilichoachwa kijiendee. Kiasi kizuri ni chini ya milimoli 1.7. Zikipita 10, hatari haipo kwenye moyo peke yake. Kongosho linaweza kuvimba ghafla, na maumivu yake hukaa juu ya tumbo yakatoboa hadi mgongoni, pamoja na kutapika. Huo si ugonjwa wa kutulizwa kwa chai ya tangawizi, ni wa kukimbilia hospitali usiku huohuo. Daktari anaweza kukuandikia fenofibrati, ambayo kwa kawaida humezwa pamoja na chakula, lakini jambo la kwanza atakalokuuliza ni pombe na sukari. Mjibu ukweli. Chupa mbili za kila siku ukiziita moja moja ya mwisho wa wiki, dozi itapangwa kwa ajili ya mtu mwingine asiyekuwepo chumbani.

Kuhusu chakula nitasema kidogo, maana kila mtu ana la kusema. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo kwenye damu yako hutengenezwa na ini lako mwenyewe, na statini hufanya kazi hukohuko: huzuia kimeng'enya kinachotumiwa na ini kuitengeneza, ini linapopungukiwa linaivuta kutoka kwenye damu. Ndiyo maana unaweza kuacha mayai miezi sita na namba isisogee unavyotaka. Haina maana urudi kwenye chipsi mayai ya kukaangwa ndani ya mafuta ya juzi. Ina maana uache kujilaumu na umeze dawa. Na ukiona chupa ya mafuta ya kupikia imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina kolesteroli, usiongeze pesa kwa ajili ya maandishi hayo. Mafuta yote ya mimea hayana kolesteroli ya kuhesabika, hata yale ambayo chupa yake haikujisifu. Cha kutazama ni yale mafuta yanayoganda, ambayo ndiyo hulipa ini sababu ya kuongeza. Ndugu zangu wa pwani, nazi imejaa hayo. Wali wa nazi wa sikukuu ubaki wa sikukuu.

Saa ya kumeza inategemea jina lililoandikwa kwenye pakiti, kwa hiyo lisome. Simvastatini haikai mwilini muda mrefu, na ini hufanya kazi hiyo zaidi usiku, ndiyo sababu humezwa jioni. Atorvastatini na rosuvastatini hukaa mwilini muda mrefu. Saa yoyote inafaa mradi iwe ileile kila siku. Chagua jambo ambalo hulikosi kamwe, ukifunge kidonge hapo. Wapo wanaomeza taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapoanza, na wapo wanaomeza kabla ya kupiga mswaki. Usichague jambo unalotamani kulifanya, kama mazoezi ya alfajiri, kwa sababu siku utakayolala kidonge nacho kitalala. Ramadhani haina tatizo: dawa ya mara moja kwa siku huhamia kwenye futari au daku, na ukimuuliza daktari mapema atakupangia pamoja na zile za presha na sukari.

Ukisahau, umesahau. Meza ya kesho kwa saa yake. Kuna watu wenye roho ya kulipa madeni, wakikosa siku mbili wanameza vitatu kwa mpigo ili hesabu ikae sawa. Mwili hauweki daftari hilo. Na hata daktari akiongeza dozi mara mbili, LDL hushuka zaidi kwa asilimia 6 hivi tu, kwa sababu kazi kubwa ilishafanywa na dozi ya kwanza. Anayejiongezea mwenyewe ananunua nyongeza ndogo ya faida kwa bei ya nyongeza halisi ya madhara.

Sasa tufike pale panaponikosesha raha. Dawa hii ikiwa peke yake ina usalama mkubwa. Inaharibikiwa ikipewa wenzake bila kuulizwa. Mtu anaingia duka la dawa na kikohozi, anasema, "Kaka, nipe ile ya kifua, kali." Anapewa klarithromisini au eritromisini. Muuzaji hakuuliza anameza nini kingine, mteja hakusema, wameagana kwa heshima zote. Dawa hizo huziba njia ambayo ini hutumia kuondoa simvastatini na, kwa kiasi, atorvastatini, na kiwango cha statini kwenye damu hupanda kana kwamba mtu ameongezwa dozi mara kadhaa. Dawa za fangasi kama itrakonazoli na ketokonazoli hufanya vivyo hivyo. Ile amlodipini ya presha, ambayo iko karibu kila nyumba yenye mzee, inadai kwamba simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: inaiondoa statini haraka mno hadi unabaki unameza karibu na bure. Hata balungi limo kwenye orodha, kwa simvastatini hasa. Juisi yake ikinywewa kwa wingi huziba njia ileile.

Wapo pia watu wanaobeba kadi mbili kwenye mifuko miwili. Moja ni ya kliniki ya VVU, nyingine ya kliniki ya presha, na wamejipanga vizuri kadi hizo zisikutane. Ninaelewa kwa nini. Lakini kama kwenye dawa zako za VVU kuna ritonaviri, simvastatini haikufai kabisa, na atorvastatini inahitaji dozi ndogo na macho ya daktari. Mseto wa sasa wenye dolutegraviri hauna ugomvi huo na statini, na huenda huo ndio unaoutumia. Hata hivyo mwambie mmoja tu, daktari au mfamasia, mlango ukiwa umefungwa. Watu wenye VVU wana hatari zaidi ya magonjwa ya moyo, na mwaka 2023 utafiti wa REPRIEVE, uliohusisha watu 7,769 katika nchi 12, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba statini iitwayo pitavastatini ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Dawa hii ni ya kwenu pia. Msiikose kwa sababu ya kadi kufichana.

Na kama unaona nimezidisha woga, kumbuka statini iliyoitwa serivastatini. Kampuni ya Bayer iliiondoa sokoni mwaka 2001 baada ya watu kufa kwa misuli kuyeyuka na figo kushindwa, na baadhi yao walikuwa wanaimeza pamoja na gemfibrozili, dawa ya trigliseridi. Serivastatini haipo tena. Gemfibrozili ipo, na kuichanganya na statini ni jambo ambalo madaktari huliepuka hadi leo. Ukiandikiwa dawa ya trigliseridi na daktari wa pili asiyejua ya daktari wa kwanza, wewe ndiye pekee unayewajua wote wawili. Sema.

Anayetumia rosuvastatini na ana kiungulia, ile dawa nyeupe ya maji ainywe saa mbili au zaidi baada ya kidonge. Mjamzito, au anayetarajia kuwa, amwambie daktari mara moja, maana wengi huambiwa wasimamishe. Mwenye ugonjwa wa ini aseme kabla ya kuanza. Haya hayana maelezo marefu, ila ni ya lazima.

Dawa za asili nazo zitaletwa, kwa upendo na kwa chupa ya lita tano. Mwaka 2011 tuliona foleni za magari hadi Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya asili cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za kila siku wakiamini wamemaliza. Sidharau mmea. Statini yenyewe ilitoka kwenye ukungu. Mwanasayansi wa Kijapani, Akira Endo, akiwa kampuni ya Sankyo mjini Tokyo, alipima zaidi ya aina 6,000 za fangasi na mwaka 1973 akapata alichokitafuta ndani ya ukungu wa rangi ya buluu uliotoka kwenye mchele. Mwaka 1987 statini ya kwanza, lovastatini, ikaruhusiwa Marekani. Kati ya ukungu na kidonge kuna miaka kumi na minne ya kupima: kiasi gani kinatibu, kiasi gani kinadhuru, nani asipewe. Chupa ya lita tano haina miaka hiyo. Kuna hata vidonge vya wali mwekundu uliochachushwa, vinavyouzwa kama kirutubisho, ambavyo huweza kuwa na lovastatini ileile ndani yake. Anayevimeza juu ya dawa ya hospitali anameza statini mbili huku akiamini anameza moja na mchele.

Sasa misuli. Baada ya wiki tatu huenda ukaumwa mapaja, na utakumbuka ulichosikia kuhusu dawa hii. Kabla ya kuihukumu, pitia wiki yako. Ulicheza bonanza la wazee Jumapili, dakika 90, bila kupasha? Ulikwenda kwenye sherehe ya kumuaga mwali na hukukaa chini hata mara moja? Watafiti wa Imperial College mjini London waliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maudhi, wakawapa kwa zamu, mwezi mmoja mmoja, chupa za atorvastatini, chupa za vidonge visivyo na dawa, na chupa tupu. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Katika miezi ya vidonge visivyo na dawa waliumwa karibu sawa na miezi ya dawa: asilimia 90 ya maudhi ilikuwepo hata pasipo na dawa. Maumivu yalikuwa ya kweli, waliumwa hasa, lakini kilichoyaleta kilikuwa kumeza kitu walichokiogopa. Walipoonyeshwa majibu yao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye statini.

Wapo wachache ambao misuli yao kweli haikubaliani na dawa hii, na hao hawatakiwi kuvumilia kwa ushujaa. Daktari anaweza kupima kimeng'enya cha misuli, kupunguza dozi, kubadilisha statini, au kuleta ezetimibi, ambayo inazuia kolesteroli kufyonzwa tumboni. Lakini kuna dalili moja isiyosubiri miadi: misuli inauma sana au imelegea, na mkojo umekuwa wa rangi ya kola. Acha kidonge siku hiyo, nenda hospitali siku hiyo. Vivyo hivyo macho yakiwa ya manjano.

Mke na mume msimeze kutoka pakiti moja kwa sababu mnakula chungu kimoja. Yeye ana amlodipini, wewe huna. Figo zenu si pacha. Na kifuko kisikae kwenye gari linaloegeshwa juani Dar es Salaam. Soma joto lililoandikwa kwenye pakiti, halafu uguse usukani wako saa nane mchana.

Baada ya wiki nne hadi kumi na mbili utapimwa tena, na siku ya majibu mazuri ndiyo siku ninayoiogopa kuliko siku ya H. Atorvastatini ya miligramu 40 hushusha LDL kwa karibu nusu. Karatasi inarudi safi, mtu anapongezwa, anaagiza kongoro, na vidonge vilivyobaki vinahamia nyuma ya kabati kwa kuwa amepona. Hajapona kitu. Ile namba imeshikiliwa pale na kidonge cha jana, na akiacha itarudi ilikokuwa ndani ya wiki chache, kimya kimya kama ilivyopanda mara ya kwanza. Siku hiyo muulize daktari lengo lako ni namba ngapi, uandike. Kisha chukua dawa ya mwezi ujao kabla ya kutoka getini.

Na unaposafiri kwenda kwenu mwisho wa mwaka, hesabu vidonge vya siku zote za safari, weka na vya wiki moja ya ziada, maana mabasi huharibika na misiba haipigi hodi. Piga picha pakiti ili jina na miligramu zisomeke. Ukiishiwa, na duka la kule lina simvastatini tu wakati wewe unatumia rosuvastatini, usikubali kubadilishiwa kumi kwa kumi. Miligramu 10 za rosuvastatini zina nguvu zaidi ya 10 za simvastatini, na simvastatini ina masharti yake na dawa ya presha kama amlodipini. Mpigie aliyekuandikia, msomee picha, mfamasia wa kule naye asikie.